Mara Tisa Alilipa

Kila mwaka, mwezi ule ulipoingia, mama alianza kupiga simu kabla hata ya kunywa chai. Hakuwa na salamu ndefu. "Mwanangu, umeangalia?" Na binti yake, ambaye kazini na nyumbani aliitwa Fundi kwa sababu hakuna kompyuta iliyowahi kumshinda, alijibu, "Bado, Mama. Tarehe kumi na nne." Mama alijua fika kwamba ni tarehe kumi na nne. Alipiga tu, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha ufunguo upo.

Siku yenyewe ikifika, Fundi alifungua kompyuta, akaandika amri moja fupi, akasoma mistari michache iliyorudi, kisha akampigia mama na kusema neno moja: "Amelipa." Upande wa pili kikasikika kilio kidogo cha mtu anayejizuia, halafu mama akasema, "Haya. Mungu ampe afya huko aliko." Mambo yakaishia hapo mpaka mwaka mwingine.

Aliyesemekana kulipa ni mdogo wake Fundi, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Picha. Jina hilo alilipata kwa kamera yake, maana haikumtoka shingoni hata akienda kununua sabuni. Alipiga picha za harusi, za mahafali, za vitambulisho, na siku zisizo na kazi alipiga picha za mabomba yanayovuja na kusema hiyo ni sanaa. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Ijumaa moja asubuhi aliaga, begi mgongoni, akasema kampuni fulani ya ujenzi imemwita mji wa mbali akapige picha za jengo jipya, na kwamba Jumapili jioni atakuwa amerudi. Mama alikuwa anafua. Alimjibu bila kugeuka, "Haya, safari njema," na jambo la kutogeuka likaja kumla roho miaka yote iliyofuata.

Jumapili hakurudi. Jumatatu simu yake haikupatikana. Fundi alizunguka kama pia: polisi, vituo vya mabasi, hospitali moja baada ya nyingine, na kila hospitali ina jengo lake la nyuma. Huko nyuma mama alibaki nje ameshika mkoba kwa mikono miwili, Fundi akaingia peke yake, akatoka akitikisa kichwa, na wote wawili hawakujua kama washukuru au walie. Ile kampuni ya ujenzi hakuna aliyewahi kuisikia. Polisi waliandika ripoti, wakaipiga mhuri, wakamkabidhi nakala.

Mwaka ukapita na wiki mbili juu yake. Mama alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kitandani, si kwa ugonjwa unaotajika, bali alikuwa amegoma tu kuamka. Ndipo Fundi, akipekua karatasi za mdogo wake kwa mara ya mia, akaona nyuma ya kadi ya mteja jina la tovuti limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Alilifungua. Ulikuwa ukurasa mweupe wenye maneno mawili: Inakuja karibuni. Kumbe Picha alikuwa amejinunulia jina la kuwekea picha zake, na hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa, jina la tovuti haliwi la mtu hivi hivi. Lina rekodi yake kwa msajili, kama kiwanja kilivyo na hati, na siku zile rekodi hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote anayejua kuuliza: mwenye jina ni nani, anakaa wapi, simu yake namba gani, na rekodi ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Fundi aliuliza. Likaja jina la mdogo wake, lenyewe la kuzaliwa. Ikaja simu yake, ile isiyopatikana. Ikaja anwani ya nyumba ya mama. Na chini kabisa ikaja tarehe ya kubadilishwa: kumi na nne, wiki mbili tu zilizopita.

Alizihesabu siku kwa vidole. Majina ya tovuti kwa kawaida hulipiwa kila mwaka, na asiyelipa hulipoteza. Na hili lilikuwa limeguswa wiki mbili zilizopita, mwaka mzima baada ya Picha kuondoka. Nani mwingine angelilipia?

Alikimbia mpaka kwa mama akiwa na kandambili. "Mama, yupo! Amelipa!" Ilibidi aeleze mara tatu, maana mama hakuwahi kushika kompyuta, lakini mara ya tatu mama alijiinua, akaketi, akaomba maji ya kuoga. Siku ile alikula.

Kuanzia hapo Fundi akaanza kuandika programu ya kumtafuta. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Kama Picha analipia jina moja, huenda huko aliko kasajili jingine, na kwenye rekodi yake ataandika mahali anapokaa sasa. Kazi ni kuuliza tu. Lakini wasajili wako mamia, na kila mmoja ana mwandiko wake. Huyu anaanza na siku, yule anaanza na mwezi, wa tatu anautaja mwezi kwa maneno. Huyu anamweka mwenye jina juu kabisa, yule anamzika chini baada ya aya tatu za vitisho vya kisheria. Fundi alichambua mwandiko wa kila mmoja wao, jioni kwa jioni, mpaka programu yake ikawa inaweza kumeza rekodi ya msajili yeyote na kukutemea mambo manne safi: mwenye jina, anwani, tarehe ya kulipiwa, tarehe ya kuisha.

Hiyo ndiyo waandishi wa programu wanaiita maktaba: furushi la kodi, yaani maandishi ya kuiamuru kompyuta, lililokwisha kuandikwa, ambalo mwenzako analichukua na kulichomeka kwenye kazi yake. Fundi aliiweka hadharani bure, akitumaini kwamba watu wakiwa wengi, makosa yatasahihishwa haraka, na yeye atampata mdogo wake haraka. Watu wakaja kweli. Walikuja mia, wakaja elfu, kutoka nchi asizozijua, wakimwandikia kama mwenye duka: hiki hakifanyi kazi, kile kimeharibika, utarekebisha lini? Alirekebisha. Mchumba aliyekuwa naye alivumilia miaka miwili, kisha akamwambia bila ugomvi, "Mimi nimechoka kuwa wa pili kwa mtu ambaye hayupo," akafunga begi lake. Fundi alimsaidia kulibeba mpaka kwenye teksi, akarudi kuketi.

Programu ilimletea watu arobaini na mmoja wenye jina kama la Picha. Aliwapigia wote. Mmoja alikuwa daktari wa meno. Mwingine mzee wa kuuza matairi, ambaye alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Binti yangu, natamani ningekuwa mimi." Picha hakuwamo.

Mwaka wa sita sheria zikabadilika, wasajili wakaanza kuficha majina ya watu. Penye jina la Picha pakawa na maneno: Imefichwa kwa ajili ya faragha. Mama aliposomewa hayo alishtuka. "Nani kamficha?"

"Si yeye peke yake, Mama. Wamefichwa watu wote, dunia nzima."

"Sasa tutamwonaje?"

"Tarehe ipo. Tarehe hawajaificha."

Basi wakabaki na tarehe. Na tarehe haikuwaangusha. Mwaka wa saba, wa nane, wa tisa, kila kumi na nne ya mwezi ule iligeuka kama kawaida, na mama akapata nguvu ya mwaka mwingine.

Ulipokaribia wa kumi, ukiwa umebaki kama mwezi na nusu, Fundi alikuwa kazini asubuhi, feni inapiga kelele juu ya kichwa chake, akafungua malalamiko mapya ya watumiaji wa maktaba. Moja liliandikwa na mtu aliyejiita Bundi. Alianza kwa adabu. Alishukuru kwa kazi nzuri. Akasema yeye ameajiriwa na kampuni inayongojea majina ya tovuti yafe, wayaokote na kuyauza, kwa hiyo tarehe ya kuisha kwao ndiyo kila kitu. Kisha akaandika: "Kwa msajili huyu, maktaba yako inabuni tarehe."

Msajili aliyemtaja ni yule yule wa jina la Picha.

Fundi alimjibu juu juu, kwa kiburi kidogo cha mwenye mali. "Haibuni. Inasoma kilichopo."

Nusu saa haikupita, Bundi akamletea rekodi mbichi, kama inavyotoka kwa msajili kabla programu haijaigusa. Ilikuwa mistari mitano. Fundi aliisoma, akaisoma tena kwa kidole. Jina. Hali. Seva mbili. Ilibadilishwa lini. Basi. Hapakuwa na mstari wa kuisha. Hapakuwa na mstari wa kulipiwa.

Akaingia kwenye kodi yake mwenyewe, akashuka mpaka sehemu ya msajili yule, sehemu ya kwanza kabisa aliyoiandika, ambayo hakuwahi kurudi kuitazama kwa sababu haikuwahi kuleta shida. Hapo alikuta maneno aliyojiandikia miaka tisa iliyopita: "Huyu hatoi tarehe ya malipo wala ya mwisho. Chukua ya kubadilishwa, ifanye ya malipo. Ongeza mwaka." Alikuwa amesahau kabisa. Aliyaandika wiki ile ile mama alipoanza kula, na wakati ule yalionekana ni mambo ya wazi mno, hayana haja ya kufikiriwa mara mbili. Kumbe msajili hakuwahi kusema kwamba Picha amelipa. Msajili alisema rekodi imeguswa. Neno "amelipa" lilikuwa la Fundi.

Meneja alikuwa anapita na kikombe chake. "Vipi, Fundi? Umeona jini?"

"Nimeona kodi yangu ya zamani."

"Hiyo mbaya zaidi!" Meneja akacheka, akaenda zake. Fundi naye alicheka, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshafunguka na hakutaka kitoke kingine.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa, akaenda kwa wakala anayeuza majina kwa niaba ya msajili. Ofisi ya wakala aliyemuuzia Picha lile jina ilikuwa mji ule ule, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mwaka wa kwanza aliwaandikia barua pepe mbili, wakamjibu kwamba habari za wateja ni siri, akaacha. Kupanda ngazi zile na kuuliza mwenyewe hakuwahi. Alijiambia kwamba ni kwa sababu wangemkatalia tu. Sasa akipanda, mkono kwenye chuma cha ngazi, alijua kwamba hiyo haikuwa sababu.

Karani wa zamu alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja. Alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, samahani. Akaunti ni ya mteja. Siwezi kukuambia hata kama ipo."

Fundi alitoa ripoti ya polisi, karatasi imekwisha kuchanika kwenye mikunjo. Akatoa kitambulisho chake. Akatoa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake. Alivipanga mezani kimoja kimoja. Karani alivitazama. Akatazama tarehe ya ripoti, kisha akatazama mlango wa bosi wake, ambao ulikuwa umefungwa.

"Unataka kujua nini hasa?"

"Mara ya mwisho kulipa ni lini."

Karani aliandika, akangoja, akavua miwani, akaivaa tena. "Huyu hakulipa mara nyingi, dada. Alilipa mara moja."

"Mara moja lini?"

"Siku ya kwanza. Palikuwa na punguzo wakati ule, ukilipia miaka kumi kwa mpigo. Naona alichukua hilo. Alhamisi." Akaitaja tarehe.

Ilikuwa siku moja kabla ya ile Ijumaa.

"Lakini kila mwaka rekodi inabadilika," Fundi alisema. "Kila kumi na nne. Nimeiona mwenyewe."

"Hiyo ni mashine yetu. Msajili anataka jina lithibitishwe mwaka kwa mwaka, kwa hiyo mashine inajithibitishia yenyewe. Hakuna mtu anayekaa hapo."

"Na yeye? Hajaingia hata siku moja kwenye akaunti?"

Karani alisoma kioo kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Aliingia siku ile ya Alhamisi. Baada ya hapo hakuna. Barua pepe tunazomtumia zinarudi, sasa ni miaka mingi." Alisogeza zile karatasi taratibu mpaka upande wa Fundi. "Pole, dada. Na nikwambie ukweli, jina lenyewe linaisha mwezi ujao. Hii ndiyo miaka kumi yenyewe."

Fundi alishuka ngazi, akasimama mbele ya duka la vifaa vya umeme, akitazama taa za mezani zilizowashwa zote mchana kweupe. Mwuzaji alimuuliza kama anataka taa. Alisema hapana. Mwuzaji alimuuliza kama anajisikia vizuri. Alisema ndiyo. Picha hakuwa amelipa mara tisa. Hakuwa hai mara tisa. Kijana wa miaka ishirini na minne alikuwa ameona punguzo, akafurahi, akalipia miaka kumi ya maisha yake ya mbele, akalala, akaamka Ijumaa. Na huko nyuma Fundi alikuwa amechukua kishindo cha mashine na kukiita mtu.

Alichukua siku nne kabla ya kumwambia mama. Siku hizo nne mama, ambaye safari hii hakungoja mwezi uingie, alipiga simu mara tatu. "Umeangalia?" Fundi alijibu kwamba tarehe bado.

Jumamosi alikwenda. Mama alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda, anachambua mchele, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua. Fundi alivuta kiti, akaketi mbele yake, akasema yote kwa mpangilio, kuanzia mistari mitano mpaka Alhamisi. Hakuficha ule mstari aliouandika mwenyewe. Mama aliendelea kuchambua. Fundi alipofika kwenye punguzo la miaka kumi, mikono ya mama ikasimama.

"Kwa hiyo miaka tisa ulikuwa unanidanganya."

"Sikujua, Mama. Haki ya Mungu sikujua. Nami nilikuwa naamini."

"Wewe ulikuwa unaamini mashine yako. Mimi nilikuwa nakuamini wewe." Hakupaza sauti. "Nimewaambia watu. Dada yangu alitaka tumlilie, tumalize, nikamfukuza hapa mlangoni. Nikamwambia, huwezi kumlilia mtu anayelipa madeni yake. Dada amekufa hatujapatana."

Mama alisukuma sinia pembeni.

"Linaisha lini?"

"Kumi na nne."

"Na likilipiwa?"

"Litaendelea."

"Basi lilipie."

"Mama..."

"Lilipie, nasema. Halafu ikifika siku yake uangalie, unipigie, uniambie kama unavyoniambiaga."

"Nitakuwa mimi, Mama. Siyo yeye."

"Usiniambie ni nani!" Sasa sauti ilipanda, ikapasuka katikati. "Nimekuuliza ni nani? Mimi nina miaka sabini na moja, unanichukulia kitu changu halafu unaniachia nini? Unaniachia nini, wewe?"

Fundi alisema atalipa. Angefanya nini kingine? Na kusema kweli, akiwa njiani kurudi, alishikwa na aibu kuona kwamba hata yeye wazo lilimpa nafuu. Angelipa. Angeona tarehe imegeuka. Labda baada ya mwaka mmoja, miwili, angeanza kusahau kidogo kwamba ni mkono wake.

Lakini karani alimkatalia. Safari hii hata sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. Si yeye anayekataa, alisema, ni mfumo. Kulipia jina lazima uingie kwenye akaunti, na kuingia kwenye akaunti lazima uwe na namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mwenyewe. "Simu ile ile aliyoandika, dada. Ukiipata simu, mengine ni madogo."

Simu ile. Fundi alikuwa ameipiga mara nyingi kuliko namba yoyote maishani mwake, mpaka mwaka wa nne alipoacha. Alitoka ofisini mpaka kwenye korido, akaegemea ukuta, akaipiga tena. Ikaita.

Ikaita mara ya pili. Aliteleza ukutani mpaka chini.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, na nyuma yake mashine ya kukaushia nywele.

"Samahani... naomba... hii ni simu ya nani?"

"Yangu. Wewe nani?"

Alikuwa msusi. Namba alipewa dukani miaka mitatu iliyopita, mpya, kwenye karatasi yake. Hapana, hamjui mtu yeyote wa jina hilo. Ndiyo, mwanzoni watu walikuwa wanapiga kumuulizia mpiga picha, akawa anawaambia wamekosea. Fundi alijikaza. Alimweleza kwamba namba ilikuwa ya mdogo wake, kwamba mdogo wake amepotea, na kwamba sasa hivi kutaingia ujumbe wenye tarakimu sita, na kama dada yangu utanisaidia, unisomee tu hizo tarakimu...

"Aaa!" mwanamke akamkatiza. "Mmeanza tena! Juzi mlisema mtoto kaanguka shuleni, leo ndugu kapotea. Hamna hata haya? Mnatumia mpaka watu waliopotea?"

"Dada, nakuapia..."

"Kaibe kwingine." Simu ikakatwa. Alipopiga tena, alikuwa amekwisha kufungiwa.

Karani alikuwa amesikia yote, mlango ulikuwa wazi. Alimletea maji kwenye kikombe cha karatasi, akasimama karibu naye hapo sakafuni bila kujua mikono yake aiweke wapi. Fundi hakumlaumu yule msusi. Angekuwa yeye, naye angekata.

Kumi na nne ilikuja siku ya Jumanne. Tangu asubuhi mama hakupiga simu, na Fundi hakupiga. Rekodi ilibadilika kweli siku ile: penye "hali" palisema jina limesimamishwa. Msajili hulisubiri jina lililosimamishwa kwa siku kadhaa, mwenyewe akitokea alilipie. Siku hizo zote Fundi alimwandikia Bundi, akijidharau kwa kila neno, akimwomba kampuni yao isiliokote jina lile. Bundi alijibu kwa heshima. Alisema anasikitika sana. Alisema wao hawachagui, mashine inapewa orodha ya maelfu na inaokota kila kinachoanguka, na hata wakiliacha wao, wapo wengine ishirini. Mwishoni akauliza, kama si usumbufu, lile kosa la tarehe litarekebishwa lini.

Alilirekebisha siku hiyo hiyo. Ilikuwa kufuta mstari mmoja. Maktaba sasa, ikiulizwa tarehe ya kuisha kwa msajili yule, inajibu kwamba haijulikani. Watu wanane waliandika kumshukuru.

Jina lilifutwa asubuhi ya Ijumaa. Kwa dakika chache, Fundi alipouliza, msajili alijibu kwamba hana kumbukumbu ya jina hilo. Aliuliza tena, na tena, na mara ya nne jibu likawa limebadilika: lilikuwa na mwenyewe, aliyefichwa kwa ajili ya faragha. Penye ule ukurasa mweupe pakaja picha ya mwanamke anayecheka na simu sikioni, na maandishi makubwa kwamba jina hili linauzwa.

Hakumpigia mama. Alizima kompyuta, akamwambia meneja kichwa kinamuuma, akaenda.

Alikuta mlango wa nyumba umefunguliwa wazi. Mama alikuwa kwenye chumba cha Picha. Nguo zilikuwa zimekwisha kukunjwa na kufungwa kwenye shuka, mafurushi mawili, na madirisha yote yalikuwa wazi, vumbi linaelea. Mama hakumuuliza chochote. Hakumtazama usoni. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, anapambana na godoro lililokataa kupita mlangoni, analisukuma kwa bega, anapumua kwa shida.

"Mama, acha. Utaumia."

"Kuna mwalimu anataka chumba," mama alisema. "Anahamia Jumatatu."

Fundi alivua viatu, akainama, akashika ncha ya pili.

"Lilaze kwanza," alisema. "Tulipitishe kwa ubavu."

Wakalilaza, wakalipitisha kwa ubavu, wakatoka nalo mpaka uani. Hapo mama alikaa chini juu ya godoro, juani, akafunika uso kwa kile kitambaa cha kichwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi akamlilia mwanawe kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu aliyekufa. Majirani walianza kutoka mmoja mmoja. Fundi aliketi pembeni yake. Yeye machozi hayakuja. Alikaa vile vile, mkono mgongoni mwa mama, watu wakizidi kujaa uani, mpaka mmoja wao alipomuuliza kwa kunong'ona, "Ni lini? Imetokea lini?" naye akatikisa kichwa kwamba hajui.